Mikono Iliyobanwa Chini ya Kitenge

Jumapili moja ya mwezi wa Machi nilikaa kanisani nyuma ya mama mmoja, hapa hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 6 hivi. Kabla spika hazijafunguliwa, mtoto alikuwa ametulia kwa namna yake: mikono mbele ya uso, vidole vimetanuka, akiipunga harakaharaka kama mtu anayekausha maji. Hakulia, hakumgusa mtu. Spika zilipofunguliwa mikono ikaongeza kasi, na watu wakaanza kugeuka. Mama akaikamata, akaiingiza chini ya kitenge chake na kuibana kwa mapaja. Mtoto akaanza kuyumba mbele na nyuma. Mama akamkumbatia kwa nguvu asiyumbe. Mtoto akaanza kuguna, sauti moja ndefu isiyopanda wala kushuka. Mama akamziba mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo lilipotoka yowe, na kwaya ikanyamaza.

Wazee watatu wa kanisa walikuja kumwombea. Waliliombea lile yowe. Habari ya mikono hakuna aliyeiuliza.

Mtoto yule alikuwa amejaribu milango mitatu, na yote ikafungwa mmoja baada ya mwingine na mtu anayempenda kuliko wote waliokuwamo mle. Yowe lilikuwa mlango wa nne. Jambo hili limenikaa moyoni kwa wiki kadhaa, maana mikono ile naijua. Ninayo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina miaka 36. Nilikuwa na miaka 31 pale mtaalamu mmoja wa Kampala aliponiambia kwamba nina otizimu, hali ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine mengi, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Mijongeo hii ya kujirudia, yaani kupunga mikono, kuyumba, kuguna, kuzungusha kifuniko, kusugua kitambaa, kurudia neno lile lile, waganga wetu waliosoma kwa Kifaransa wanaiita stereotipi. Watu wenye otizimu wa nchi za Kiingereza walilikata neno refu la kitabibu wakabaki na kipande chake: stimu. Kipande hicho kimeangukia pazuri katika Kiswahili. Vijana wa Dar es Salaam wakisema fulani "amenikata stimu", wana maana ameizima raha iliyokuwa inaanza kupanda. Ndivyo hasa alivyofanyiwa yule mtoto. Mimi nyumbani natumia neno letu la zamani, kujibembeleza. Mama humbembeleza mtoto kwa kumtikisa, kumwimbia, kumpigapiga mgongoni kwa kipimo kimoja. Anayejibembeleza anajifanyia hayo mwenyewe. Neno hili linabeba nusu ya maana. Nusu nyingine ni furaha, nitaifikia.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi nieleze kitanda changu.

Fikirieni Birere, mtaa wetu wa biashara, saa kumi jioni. Honi za pikipiki, jenereta la mwenye saluni, muuza simu aliyetoa spika nje, mama anayeita wateja wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, harufu yao imechanganyika na ya mazutu, yaani dizeli, jua linagonga bati na kurudi machoni. Watu wengi, kwa jinsi wanavyonieleza, wana mlinzi kichwani anayesimama mlangoni: huyu apite, huyu angoje, yule arudi alikotoka. Kwangu mlangoni hakuna mtu. Vyote vinaingia bila hodi, na vyote vina ukubwa mmoja. Sauti ya rafiki anayezungumza nami imo, lakini haijazidi jenereta hata kidogo. Baada ya dakika kumi mwili wenyewe unaanza kupotea. Sijui vizuri mabega yangu yanaishia wapi. Ngozi inakuwa kama nguo iliyolowa.

Hapo kidole gumba kinaanza kazi. Ndani ya mfuko wa kulia wa suruali yangu kuna mshono, nami ninausugua: juu, chini, juu, chini. Karibu na mwisho wake kuna fundo dogo la uzi. Kila kidole kinapolifikia, pumzi inasita kidogo, kisha inaachiliwa. Katika Birere nzima, fundo lile ndilo kitu pekee ambacho najua kitafika lini. Kelele hazipungui. Ila sasa nimepata jiwe moja kavu katikati ya mto, nimesimama juu yake, na ninaanza tena kumsikia rafiki yangu.

Naomba wazazi na walimu walishike hili. Wengi wakimwona mtu anayumba husema hayupo, amekwenda zake kichwani. Mimi nayumba ili nibaki. Mwanafunzi akinieleza hesabu huku nikiyumba, naifuata hesabu yake mpaka kosa lilipo. Nikijilazimisha kukaa kama sanamu, nguvu zangu zote zinakwenda kwenye kule kukaa, na hesabu inapita mbele yangu kama gari lisilosimama.

Na furaha? Mvua ya kwanza ya Septemba ikianguka kwenye mabati baada ya vumbi la kiangazi, siwezi kukaa. Mikono inaruka yenyewe. Raha inaanzia kifuani, inashuka mabegani, inatafuta vidole. Isipovipata inageuka kuwa kitu kinachouma. Hakuna aliyewahi kumpeleka mama hospitali kwa sababu ya vigelegele. Na vigelegele ni nini kama si ulimi unaojirudia kwa kasi mpaka furaha ipate pa kutokea? Sisi furaha yetu inatokea kwenye vidole.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowaona kuwa na hali moja. Wa kwanza katika maandishi yake aliitwa Donald, na Donald alipenda kuzungusha sufuria na kila kitu cha duara. Kanner aliandika kwamba alifanya hivyo kwa raha kubwa. Raha ile ikasahauliwa, ikabaki dalili. Donald Triplett mwenyewe alikua, akafanya kazi ya benki katika mji wake wa Forest, Mississippi, akaendesha gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Hadithi hii nawasimulia wazazi wanaokuja kwangu wakilia kwamba mtoto anayezungusha vifuniko vya bidoni hatakuwa mtu.

Miaka ya 1960, mjini Los Angeles, mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas alishika njia nyingine. Aliiona mijongeo hii kuwa kizuizi cha kujifunza, na katika majaribio yake na wenzake watoto walipigwa makofi, wakafokewa, hata wakarushwa na umeme. Mbinu zimelainika tangu hapo, lakini fikra iliyokuwa chini yake ilisafiri mbali: kwamba mtoto aliyetuliza mikono ndiye aliyepona. Imefika hadi madarasani kwetu, na wanaoifuata hawajui ilikotoka. Nilipokuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, mwalimu mmoja alinifunga vidole kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili niandike bila kuvichezesha. Niliandika. Hakuna hata sentensi moja ya siku ile ninayoikumbuka, ila harufu ya mpira ule naijua mpaka leo.

Sayansi imeanza kurudi alipokuwa Donald. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaotumiwa sehemu nyingi za dunia, uliingiza kwa mara ya kwanza mambo ya hisi katika vigezo vya otizimu, yaani sauti, mwanga na mguso vinavyomzidi mtu au visivyomfikia vya kutosha. Tena uliyaweka katika kundi moja na mijongeo ya kujirudia. Mimi nauona ujirani huo kuwa wa haki. Mwaka 2019 mtafiti Steven Kapp na wenzake walichapisha utafiti ambao watu wazima 32 wenye otizimu waliulizwa wenyewe kuhusu stimu. Walisema inawatuliza, inawasaidia kubeba hisia na mawazo yanapozidi, na walipinga matibabu yenye lengo la kuifuta. Watu 32 ni wachache, nakubali. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo tulitazamwa tu kutoka upande wa pili wa meza.

Mwili una njia zake. Kuyumba kunaamsha kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio, kile kinachouambia ubongo kichwa kimeelekea wapi. Kuruka, kubanwa na kung'ata vinapeleka habari kutoka kwenye misuli na viungo. Temple Grandin, Mmarekani mwenye otizimu aliyezaliwa mwaka 1947, alipokuwa kijana aliona katika shamba la shangazi yake huko Arizona ng'ombe wakibanwa kwenye kibanio ili wachanjwe, na baadhi yao wakitulia humo. Akajitengenezea kibanio chake. Wafugaji wa Masisi wataielewa hadithi hii haraka kuliko maprofesa. Na mama zetu waliielewa zamani: mtoto akilia anatiwa mgongoni, kitenge kinakazwa, mama anaanza kutembea huku akiyumba. Pale pana mbano, joto na mwendo wa kipimo kimoja, na hakuna jirani anayetafuta pepo. Mjane anayumba matangani usiku kucha, tunamwacha. Bibi anasukuma punje za rozari kwa kidole gumba, moja baada ya moja, na uso wake unalainika. Kitu hiki sote tunacho. Sisi wenye otizimu tunakihitaji kwa wingi zaidi, na mahali ambapo ninyi hamkutarajia kukiona.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, sehemu ya mji iliamriwa kuhama. Tulitoka kwa miguu kuelekea Sake, ardhi ikitetemeka chini yetu. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 5. Hasemi. Kila tetemeko lilimfanya ajipige kichwani kwa ngumi. Tulimpakia kwenye chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kusukuma mizigo, juu ya godoro na magunia. Magurudumu ya mbao yalipoanza kupita kwenye mawe ya volkano, chombo kizima kikashika mpigo, tak-tak-tak-tak, na ngumi zikalala. Kwa zaidi ya kilomita 20 hakutoa sauti. Chukudu iliposimama Sake alishuka, akaketi chini, akaanza kuyumba kwa kasi ile ile ya barabara, kana kwamba anaiendeleza. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akasema, "Uyu mutoto iko na bashetani." Dada yangu alikuwa amechoka mno, hakujibu. Mimi nilikuwa na nguvu za kujibu, na sikujibu.

Neno lile si jepesi katika mji huu. Mtoto asiyesema, asiyetazama watu machoni, anayeyumba, anaweza kuitwa mulozi, yaani mchawi, kabla jua halijazama. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaliadhibu kosa hilo. Lakini yule mama kanisani hakuwa na katiba mkononi, alikuwa na macho ya watu mgongoni. Simlaumu hata kidogo. Alibana mikono ya mwanawe ili kumkinga na sisi.

Wapo wanaochanganya mijongeo hii na kifafa. Kwa kawaida anayejibembeleza ukimwita au ukimgusa anaweza kusita, kisha akaendelea. Mwenye kifafa aliyeshikwa mara nyingi hasikii jina lake, na kikimwachia mara nyingi anabaki amechoka na kuchanganyikiwa. Ila kifafa huwapata wenye otizimu zaidi ya watu wengine, kwa hiyo penye shaka mtoto apelekwe kwa muganga wa hospitali.

Ipo pia mijongeo inayoumiza, kichwa ukutani, meno kwenye mkono mpaka damu. Hapo sisemi mwacheni. Nasema tafuteni. Mtoto wa dada yangu aliwahi kujipiga sikio siku nne mfululizo, watu wakasema hali imezidi. Sikio lilikuwa na usaha. Jino, sikio, tumbo, spika ya jirani: hayo kwanza. Kisha mpeni kitu cha kuzipokea zile nguvu, mto, kitambaa kizito cha kung'ata, ukuta wa kusukuma kwa viganja. Ukiondoa mjongeo na kuacha sababu yake, sababu itatafuta njia nyingine, na mara nyingi itakuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Kanisani iliichukua kama dakika kumi.

Hoja nzito kuliko zote nimeisikia kwa baba mmoja: mtoto ataishi na watu, basi si afundishwe kujizuia mapema? Sitaikwepa, kwa kuwa mimi mwenyewe najizuia. Kwenye kizuizi cha barabarani, mwanaume anayepunga mikono mbele ya mwenye bunduki yuko hatarini. Mkono mfukoni ni hatari zaidi. Kwa hiyo nilijifunza kutumia vidole vya miguu ndani ya viatu: vya kulia nakunja, vya kushoto nakunjua, kisha nabadilisha. Hakuna anayeona. Kijana akifika umri wa kuelewa, naunga mkono afundishwe hivyo, kama anavyofundishwa kuvuka barabara.

Lakini ijulikane gharama yake. Siku moja nilipita vizuizi vitatu kwenye njia ya Minova. Nilisimama wima, nikajibu kila swali, nikatazama macho niliyotakiwa kuyatazama. Jioni sikuweza kutoa hata neno moja. Dada yangu aliniuliza kama nimekula, nikaliona swali, nikaona lilipo jibu, mdomo ukakataa. Nililala na viatu miguuni. Nami ni mtu mzima, nilichagua mwenyewe, na ilikuwa siku moja. Mtoto tunamdai hivyo tangu asubuhi mpaka masomo yaishe, kila siku, na akirudi nyumbani tunamdai tena. Akivunja sahani jioni tunasema ana hasira za bure.

Tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Nitafurahi siku itakapofika kwenye madawati yetu. Mpaka wakati huo, kuna mambo yasiyohitaji franka hata moja. Darasani kwangu wanafunzi wawili wanajibembeleza waziwazi. Mmoja anayumba, nimemweka nyuma, karibu na ukuta, na akitaka kusimama anasimama. Mwingine anaguna, na hapo pana ugumu wa kweli, kwa sababu jirani yake alishindwa kuhesabu. Tulikaa watatu tukazungumza. Sasa wakati wa mtihani ana kifuniko cha chupa anachokisugua chini ya dawati, na tukimaliza anatoka uani dakika tano kuguna anavyotaka. Haikuwa suluhisho la siku moja, tulikosea mara mbili. Mwanzoni nilimpa mpira wa kubonyeza, akaukataa. Ni vidole vyake, yeye ndiye aliyejua kwamba vinataka kitu chenye meno pembeni.

Siku ile kanisani nilitoka kumtafuta yule mama. Alikuwa ameketi kwenye ukuta wa mawe meusi nje ya uzio, mtoto chini karibu naye, mikono imerudi mbele ya uso. Alipoona ninakuja aliishika tena. Nilimwambia, "Mama, muachie." Nikageuza mfuko wangu nje nikamwonyesha mshono, jinsi kitambaa kilivyochujuka pale kidole kinapopita. Akautazama muda mrefu.

"Mwalimu, na weye?"

"Na miye, mama. Tangu niko mutoto."

Hakusema neno, ila vidole vyake vililegea, na ile mikono midogo ikatoka.

Siku hizi wanakaa karibu na mlango, upande usio na spika. Kwaya ikianza wanatoka nje, ikimaliza wanarudi, na wengi wameacha kugeuka. Baba wa mtoto bado hajakubali. Anasema mwanawe atazoea ujinga. Amenitumia ujumbe kwamba atakuja nyumbani Jumamosi tuzungumze kiume. Nimemwambia aje na mtoto. Nitawakaribisha uani, nitawapa chai, na nitayumba mbele yake kadiri mwili utakavyotaka.